UZI: Tyneham, kijiji cha Uingereza kilichohamishwa 1943, na duka lake

#1 Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu mwaka jana, leo ndiyo nimepata nafasi ya kuuandika. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aje kuusoma akitulia.

Naishi Poole, kusini mwa Uingereza, mkoa wa Dorset. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Kuna mama mmoja ninayekwenda kwake asubuhi tatu kwa wiki, ana miaka 90 na ushee. Macho yamepungua nguvu, ila kumbukumbu zake zimekaa sawasawa. Humu nitamwita Bibi tu. Alizaliwa kijijini, upande wa Purbeck, ule ukanda wa vilima vya chokaa unaoingia baharini magharibi ya Swanage.

Asubuhi moja namtengenezea chai, nikafungua paketi mpya ya sukari. Akasikia ile karatasi ikichanika, akaniuliza, "Kwenu sukari mlikuwa mnafungiwa na nini dukani?" Nikamwambia Pangani kwetu muuza duka alikuwa anakunja gazeti, anatia robo yake, anaubana mdomo wa ile pembe kwa vidole viwili. Akacheka kwa furaha kabisa, akaomba nimpe karatasi. Basi tangu siku hiyo hadithi ikawa ni duka. Na kila hadithi ya duka ikifika mwisho, inaangukia jina moja: Tyneham. Si kijiji chake, kilikuwa ng'ambo ya kilima, lakini watu wake aliwajua.

Nikaenda kukiona. Unapita njia ya juu ya vilima vya Lulworth, kushoto na kulia mabango ya jeshi, halafu barabara inatelemka ghafla na unaona bonde la kijani limefunguka mpaka baharini. Chini kule ndiyo Tyneham. Kutoka mbali inafanana na kijiji chochote cha Dorset. Ukisogea ndipo unagundua nyumba hazina mapaa.

Cha kwanza kinachokulaki ni safu ya nyumba za mawe zilizoungana, na mbele yake kibanda cha simu cha saruji, rangi ya maziwa, chenye fremu nyekundu. Nyumba iliyo nyuma ya kibanda ndiyo ilikuwa posta na duka. Niliingia. Sakafu ni majani na kokoto, juu ni mbingu. Ukutani meko ya chini bado yapo, na ukiinua macho unaona meko mengine, ya chumba cha ghorofani, yamebaki peke yake ukutani bila sakafu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kanisani.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 16 Novemba 1943 jeshi liliwaandikia barua wakazi wa bonde hili. Maeneo ya mazoezi ya vifaru, yaliyokuwapo Lulworth tangu Vita ya Kwanza ya Dunia, yalikuwa hayatoshi tena, na maandalizi ya kuivamia Ulaya iliyoshikwa na Wajerumani yalikuwa yamepamba moto. Wakazi wakatakiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 19 Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Barua yenyewe ilikiri kwamba si sadaka ndogo wanayoombwa, ikasema serikali ina hakika wataitoa kwa moyo mwema. Watu 225 waliondoka. Ekari zipatazo 7,500 zikafungwa.

Mlangoni mwa kanisa walibandika karatasi. Naitafsiri kama nilivyoielewa: "Tafadhali litunzeni kanisa na nyumba hizi. Tumeacha makazi yetu, ambayo wengi wetu tumeishi kwa vizazi, ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru. Siku moja tutarudi, na tutawashukuru kwa kukitendea kijiji wema."

Hawakurudi.

Nitaendelea kesho, mikono imechoka.

#2 Nyota ya Kilwa

Mkuu, nimeweka kigoda. Hiyo karatasi ya mlangoni nimeisoma mara tatu. Watu wanafukuzwa makwao na bado wanasema tafadhali na asante.

#3 Fundi Cherehani

Mleta uzi, nina swali. Kwa nini unaling'ang'ania duka wakati kuna kanisa na shule? Na duka la kijiji cha Kizungu cha zamani lilikuwa linauza nini hasa? Mimi nilidhani wote walikuwa wanalima na kufuga, chakula wanacho.

#4 Mwana wa Pangani

Fundi, swali zuri, nalijibu kwa urefu maana ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Wengi wa watu wa Tyneham hawakuwa na ardhi. Bonde lote lilikuwa mali ya ukoo wa Bond, wenye jumba kubwa la tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Wakulima walikodi mashamba kwao, na chini ya wakulima walikuwapo vibarua waliopangishwa nyumba. Kule pwani ya Worbarrow walikuwapo wavuvi. Mtu wa namna hiyo alikuwa na bustani ya viazi na kabichi, labda nguruwe mmoja na kuku, lakini chai, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mishumaa, viberiti, uzi na sindano alivinunua. Umeme haukuwapo kijijini, kwa hiyo mafuta ya taa hayakuwa jambo dogo.

Sasa mazoea ya duka lenyewe. Haya nayachukua kwa Bibi, na ni ya duka la kijijini kwake, lakini maduka ya vijijini ya wakati ule yalifanana kama mapacha. Mlango ulikuwa na kengele ndogo juu, ukiusukuma inalia, na mwenye duka anatokea chumba cha nyuma akijifuta mikono, kwa sababu duka lilikuwa sebule ya nyumba yake. Hukuchagua kitu mwenyewe. Ulisimama upande wako wa kaunta, ukataja, yeye akatoa. Siagi ilikuja bonge zima, akaikata kwa waya na kuipigapiga kwa vibao viwili vya mbao mpaka ikawa tofali dogo. Jibini hivyo hivyo. Biskuti zilikaa kwenye madebe makubwa, na zilizovunjika ziliuzwa bei ndogo. Watoto walizipenda hizo kuliko nzima.

Na sukari ilikuja kwa gunia. Mwenye duka alikaa jioni akiipima na kuifunga kwa karatasi nene ya buluu. Hapa ndipo Bibi alipoomba ile karatasi. Nilimpa kipande cha karatasi ya kahawia iliyokuja na kifurushi. Macho hayaoni vizuri, lakini vidole! Aliizungusha kwenye ngumi ya kushoto ikawa mfuko, akakunja kitako mara mbili, akaugonga mezani usimame wima, akanipa niweke sukari. Halafu akakunja mdomo: upande mmoja ndani, upande wa pili ndani, kile kishungi cha mwisho akakisokomeza chini ya mkunjo. Hakuna gundi, hakuna kamba. Akaugeuza juu chini, hata chembe haikuanguka. Alisema alijifunza akiwa na miaka 8, kwa kusimama kwenye kreti nyuma ya kaunta Jumamosi. Nimejaribu nyumbani mara nyingi, yangu bado inamwaga.

Vipimo vyao ni maneno tunayo sisi wenyewe: ratili na wakia, wakia 16 ndiyo ratili moja, na wakia moja ni kama gramu 28. Fedha yao ilikuwa pauni, shilingi na peni: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Mwenye duka alijumlisha hayo yote kwa penseli pembeni mwa karatasi. Waliacha hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1971 tu. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ndiko ilikopata jina, ila sisi tuliigawa senti 100.

Na deni lilikuwapo, wakuu. Daftari lipo chini ya kaunta, kibarua analipa siku ya mshahara. Mwenye duka alijua nani ana mgonjwa, nani amepungukiwa, nani hajanunua chai wiki mbili. Hapo ndipo jibu lako, Fundi. Kanisani watu walikwenda Jumapili, na wapo wasiokwenda. Shule ya Tyneham yenyewe ilikuwa imefungwa tangu 1932 kwa uchache wa watoto, miaka 11 kabla jeshi halijaja. Lakini mlango wa duka kila mtu aliupita. Ukitaka kujua kijiji kilikuwa na nani, uliza dukani.

Halafu vita ikaongeza jambo jingine. Kuanzia Januari 1940 vyakula viligawiwa kwa vitabu vya mgawo. Kila mtu, hata mtoto mchanga, alikuwa na kitabu chake, na ilibidi ujiandikishe kwa muuza duka mmoja. Yeye alipelekewa shehena kwa idadi ya vichwa vilivyoandikwa kwake. Kwa wiki, mtu mzima alipata takriban wakia 2 za siagi, wakia 2 za majani ya chai, wakia 8 za sukari, wakia 4 za bekoni. Kiwango kilipanda na kushuka, lakini ndiyo ilikuwa hali. Peremende zenyewe ziliingia kwenye mgawo Julai 1942, na Bibi anaikumbuka siku ile kuliko siku vita ilipotangazwa. Kwa hiyo mtu alipohamishwa, hakuondoka na kitanda na sufuria tu. Alikwenda kujiandikisha upya kwa muuza duka asiyemjua, aliyempimia wakia zake 2 na asijue hata jina la mama yake.

#5 Karani Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nilikaa kaunta ya posta Tanga miaka 31, kwa hiyo huu uzi umenigusa mahali pake. Niruhusiwe kuongeza upande wa posta, maana mleta uzi amesema duka lilikuwa posta pia na vijana wataona ni jambo la kuuza stempu.

Posta ya Uingereza ilianza benki ya akiba mwaka 1861. Maana yake ni kwamba mtumishi wa ndani au mchunga kondoo, ambaye mlango wa benki ya mjini hakuuthubutu, aliweza kuweka shilingi yake moja kwa mwenye duka wa kijijini na kugongewa muhuri kwenye kitabu. Mpango huo ndio uliokuja kwetu. Benki ya akiba ya posta Tanganyika ilianza 1925, na mimi nimegonga muhuri vitabu hivyo kwa mkono huu.

Halafu tarehe 1 Januari 1909 ndipo wazee wa Uingereza walipoanza kulipwa pensheni ya serikali. Shilingi 5 kwa wiki, kwa mwenye miaka 70 na zaidi na kipato kidogo, na ililipwa wapi? Posta. Fikiria mzee wa kijijini ambaye kabla ya hapo uzee ulimtisha kwa sababu mwisho wake ulikuwa nyumba ya maskini, sasa anaingia dukani kila wiki na fedha yake mwenyewe anapewa mkononi. Anageuka hatua moja ananunua chai na tumbaku hapo hapo. Duka lilipata wateja na mzee alipata heshima yake.

Na telegramu. Wakati wa vita hakuna aliyependa kumwona mpeleka telegramu akisimama mlangoni kwake. Aliyeipokea kwanza ile habari ni karani. Anaijua kabla ya mama mwenye mtoto. Mimi sikuwa vitani, lakini nimepokea telegramu za misiba, nikamwona mtu anakuja kaunta akitabasamu kununua stempu na mimi tayari najua. Hili haliandikwi kwenye historia.

#6 Binti Mzizima

Karani, baba, shikamoo. Umenitoa machozi ofisini.

Mwana wa Pangani, vita ikaisha 1945. Kwa nini hawakurudishwa? Waliandika "tutarudi", serikali iliwaambia nini?

#7 Mwana wa Pangani

Marahaba nyingi kwa Karani, nitamsomea Bibi hayo uliyoandika.

Dada Mzizima, hapo ndipo panapouma. Waliondoka wakiamini ni mpaka vita iishe. Vita ikaisha, vifaru vikabaki. Mwaka 1948 serikali ikalichukua eneo lote moja kwa moja kwa ununuzi wa lazima. Sababu ilikuwa kwamba sasa kuna hatari nyingine, Urusi, na jeshi bado linahitaji mahali pa kufyatulia mizinga.

Fidia ilimwendea mwenye ardhi. Mpangaji hakuwa na cha kufidiwa isipokuwa mazao yaliyokuwa bustanini mwake, zile kabichi na karoti. Hili nililisoma kwenye ubao pale kijijini nikarudi nyuma kulisoma tena. Babu wa babu yako amezaliwa chumba kile, lakini kwenye vitabu vya serikali unachomiliki ni kabichi.

Wapo waliopigania. Mwaka 1968 kilianzishwa kikundi cha kudai Tyneham irudishwe, mbele yake akiwa mwandishi wa habari wa Dorset, Rodney Legg. Mwaka 1973 kamati ya serikali yenyewe iliyokuwa ikichunguza ardhi za jeshi, kamati ya Nugent, ilipendekeza jeshi liondoke eneo hili. Mwaka uliofuata serikali ikatoa tamko lake: jeshi linabaki, ila wananchi wataruhusiwa kuingia zaidi. Ndiyo maana tangu 1975 watu kama mimi tunaweza kutembelea wikendi nyingi za mwaka.

Lakini nyumba zilishakwisha. Jumba la kina Bond lilibomolewa sehemu kubwa miaka ya 1960, na mawe yake mazuri yakapelekwa kwingine. Mapaa ya nyumba za vibarua yaliporomoka, mengine kwa makombora, mengine kwa mvua tu. Yaliyobahatika kusimama ni kanisa la Mtakatifu Maria na shule. Ndani ya shule kuna vigingi vya kutundikia makoti, kila kimoja na jina la mtoto.

Hata kile kibanda cha simu, kilichowekwa mbele ya posta mwaka 1929, si kile cha asili. Cha asili kiliharibiwa mwaka 1985 wakati wa kupiga filamu, wakaleta kingine cha aina ileile. Niliposikia hivyo niliumia kidogo, maana nilikuwa nimekigusa kwa adabu zote.

#8 Mjukuu wa Kibarani

Salamu kutoka Wiltshire, mimi ni mtu wa Mombasa. Kwa jirani yenu huku kuna Imber, katikati ya Salisbury Plain, na mkasa ni ule ule. Wakazi waliitwa mkutano ndani ya shule tarehe 1 Novemba 1943, wakapewa siku 47. Walikuwa watu kama 150. Wanajeshi wa Marekani walitaka mahali pa kujifunza vita vya nyumba kwa nyumba. Kufikia tarehe 17 Desemba kijiji kilikuwa kitupu, na hadi leo ni cha jeshi.

Watu wa huku bado wanasimulia habari za mhunzi wao, aliyekutwa analia ameinamia fuawe lake. Alikufa muda mfupi baada ya kuhamishwa, na waliomjua walisema ni moyo uliovunjika.

Imber hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Siku moja ya Agosti kuna watu wenye mapenzi yao wanaleta yale mabasi mekundu ya zamani ya London, ya ghorofa, wanabeba abiria hadi kijijini. Nilimpeleka mwanangu. Tulikaa juu, mbele kabisa, basi likipita katikati ya vifaru vibovu vilivyowekwa kuwa shabaha. Kanisa la Mtakatifu Giles linafunguliwa, koo za wenyeji zinakuja. Nyumba zilizobaki ni makasha tu ya kufanyia mazoezi.

#9 Ngamia Mkongwe

Nasoma haya nikimkumbuka mama. Mimi ni wa Dodoma, 1974, wakati wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, nilikuwa darasa la pili. Walikuja na lori, tukapakia vihenge na mbuzi, tukapelekwa kwenye kijiji kipya ambako nyumba zilikuwa bado ni mistari ya chokaa ardhini. Mama alikuwa anasema hajali nyumba, nyumba ni udongo. Alichokuwa anakililia ni mbuyu uliokuwa karibu na duka la ushirika, ambapo wanawake walikuwa wanapumzisha ndoo. Sikuwa nimelifikiria hilo miaka mingi mpaka leo.

#10 Mwana wa Pangani

Mzee Ngamia, asante kwa kutupa hilo. Sitaki kuyalinganisha, kila uhamisho una habari zake, lakini mbuyu wa mama yako nimeuelewa.

#11 Kijana wa Leo

Naomba nitofautiane kwa heshima. Nimesoma kwamba wengi wa Tyneham walipewa nyumba mpya zenye umeme na maji ndani. Kule kijijini walikuwa wanachota maji na kuwasha koroboi. Je, hatuwapambi sana? Huenda vijana wao walifurahi kuondoka.

#12 Mwana wa Pangani

Kijana, hujakosea, na afadhali umelisema. Baadhi yao walijengewa nyumba Sandford, karibu na Wareham, na mtaa mmoja pale unaitwa Tyneham Close. Choo ndani, taa ya kubonyeza. Wapo waliosema wazi wasingerudi hata wangeruhusiwa, hasa akina mama waliochoka kubeba maji. Na kijiji kilikuwa kinapungua kabla ya vita. Shule isingefungwa 1932 kama vijana walikuwa wanabaki. Bibi naye hasemi maisha yalikuwa matamu. Anasema mikono ya mama yake ilikuwa inapasuka damu kila baridi.

Lakini nilimuuliza swali lako lile lile. Alinyamaza, halafu akasema kuondoka na kuondolewa ni vitu viwili. Vijana waliokwenda Poole kutafuta kazi walikuwa wanarudi Jumapili, na mwenye duka anawauliza habari za mjini. Baada ya Desemba 1943 hapakuwa na mahali pa kurudi Jumapili. Mimi nasimama na Bibi hapo. Maji ya bomba yangeweza kuletwa Tyneham, kama yalivyoletwa vijiji vingine vyote vya Purbeck.

#13 Mama Hampshire

Niongeze kidogo kuhusu maduka haya siku hizi, maana naishi kijijini nayaona. Mengi yamekufa bila kifaru hata kimoja. Mwaka 1964 sheria ilipoondoa bei zilizopangwa na watengenezaji, maduka makubwa yakaanza kuuza rahisi na duka dogo halikuweza kushindana. Watu wakanunua magari. Kisha kati ya 2007 na 2009 serikali ikafunga posta karibu 2,500, na duka lililokuwa linaponea kwenye posta likaondoka nayo. Ila kuna vijiji mamia ambavyo watu wamechanga, wakanunua hisa ndogo ndogo, na wanaendesha duka wenyewe kwa zamu, wastaafu na wanafunzi.

Na mkoa wangu huu ndiko alikotoka Jo Hamilton, mwenye duka na posta ya kijiji cha South Warnborough. Mfumo wa kompyuta wa posta ulionyesha upungufu wa pauni 36,000, akashtakiwa, akakiri kosa la kughushi hesabu mwaka 2008 ili aepuke la wizi. Kosa lilikuwa la kompyuta. Lakini majirani zake hawakungoja kompyuta ithibitishwe. Walimchangia fedha, wakajaa mahakamani kumsindikiza. Walimjua, ndiye aliyekuwa anawahudumia kila siku. Hukumu yake ilifutwa Aprili 2021 pamoja na za wenzake 38.

#14 Karani Mstaafu

Mama Hampshire, hiyo kesi niliifuatilia neno kwa neno. Kaunta ikipungua hata shilingi mbili jioni, karani halali. Na aliyekuwa anajua kama mimi ni mwizi au la ni yule mteja wa kila Ijumaa, siyo mkaguzi kutoka makao makuu.

#15 Mwana wa Pangani

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Kuna habari.

Nilimsomea Bibi uzi wote, nikitafsiri kadiri nilivyoweza. Alitaka kurudiwa mbuyu wa Dodoma na muhuri wa Tanga. Kisha akaniambia nimpeleke. Hakuwa amefika Tyneham tangu alipokuwa na miaka 9. Mwanawe akakubali, tukaenda Jumamosi iliyopita, mimi, yeye na mwanawe.

Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye ile safu ya nyumba. Alitaka kugusa fremu ya mlango wa posta. Nikamsogeza, akapapasa jiwe la upande wa kulia kutoka juu mpaka alipofika, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akasema kengele ilikuwa juu, mtoto haifikii. Akasema aliingia hapa mara mbili tu, kwa sababu kwao kulikuwa na duka lao, na mara ya pili alikuwa na kitabu cha mgawo cha mdogo wake mkononi, na aliambiwa asikipoteze. Basi. Alikaa kimya kama dakika kumi. Kulikuwa na upepo wa bahari, na watoto wa wageni wengine wakikimbia kuingia na kutoka milango ya zile nyumba.

Mwanawe alilia, yeye hakulia. Njiani kurudi alilala.

#16 Nyota ya Kilwa

Mwana wa Pangani, Mungu akubariki kwa kumpeleka. Nami Oktoba nitakuwa Southampton kwa dada yangu, naomba maelekezo ya kufika.

#17 Mwana wa Pangani

Karibu sana. Fuata barabara ya kutoka Wareham kwenda Lulworth, au ya kutoka Corfe Castle, utaona vibao. Angalia kwanza tarehe, ni wikendi nyingi na sikukuu lakini si zote; bendera nyekundu zikipepea ujue wanafyatua na mageti yamefungwa. Ukishuka kwenda ghuba ya Worbarrow usitoke nje ya nguzo za njano, kuna makombora ambayo hayajalipuka majanini. Kuegesha gari unatoa mchango, beba sarafu. Shule na kanisa nenda mapema kabla hazijafungwa.

Na beba chakula na maji yako, dada. Duka hakuna.